Mwendo wa Kanda ya Libérat

Libérat alikuwa ameapa: Pasaka hii, wapende wasipende, watu wa Kabungu wataisikia kanda yake jinsi alivyoitengeneza.

Ilikuwa kanda ya nyimbo nane za injili, alizotunga na kuimba mwenyewe mwaka tisini na sita, gitaa la umeme likinguruma na ngoma zikikimbia. Roki kabisa. Kijiji kiliipenda kupita kiasi. Shida ilikuwa betri. Enzi zile betri ikichoka haikutupwa. Ilianikwa juani kando ya mihogo, kisha ikarudishwa redioni kazi iendelee. Redio ikazikokota nyimbo kivivu, na sauti ya Libérat, ambayo ni nyembamba, ikatoka nzito kama ya askofu. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa Ikola, ziwani, akihangaika na dagaa. Aliporudi akakuta wimbo wa kwanza, “Jiwe Haliko”, umeshakuwa wimbo wa msiba. Aliona aibu kuwasahihisha waombolezaji, akanyamaza karibu miaka thelathini.

Halafu mwaka jana akafariki mkewe Joséline, mwanamke aliyeucheza wimbo ule siku ya kurekodi mpaka kiatu kikakatika. Naye wakamzika kwa kuuburuta wimbo huo huo. Libérat alilia kwa uchungu na kwa hasira pamoja.

Kwenye mazoezi ya Pasaka, Libérat alipoupiga kwa kasi, Methusela, mwalimu wa kwaya, alikunja uso.

“Mzee, unaharibu wimbo wa Libérat.”

“Libérat ni mimi!”

“Najua. Lakini wa kwenye kanda ana besi.”

“Jumapili nitapiga. Nyie mkitaka, mnyamaze.”

Asubuhi ya Pasaka gitaa, lililounganishwa na spika ya betri ya sola, liliponguruma, wazee waliangaliana na kina mama wakaacha kupiga makofi. Kwaya ilijaribu kumvuta nyuma kwa kuimba polepole, ikashindwa, ikamwachia. Vidole vilimuuma Libérat, lakini hakupunguza mwendo hata kidogo. Alimaliza beti zote nne peke yake, kwa ile sauti yake nyembamba.

Hapo akainuka Bibi Getrude, aliyekuwa amemzika mume na watoto wawili kwa wimbo huo. Libérat alimwogopa yeye kuliko wazee wote wa kanisa.

“Ndivyo ulivyokuwa tangu mwanzo?” aliuliza.

“Ndivyo, mama. Zilizochoka ni betri.”

Bibi Getrude alisimama akiegemea mkongojo. Libérat alijua amemnyang’anya kitu, akainamisha kichwa akingoja kufokewa.

“Kumbe wimbo unasema kaburi li tupu,” bibi akasema, “na sisi tumeuimba kama watu tusioamini! Mume wangu alikuwa mchezaji wa ngoma yule. Nimemsindikiza kwa wimbo wa kusinzia.”

Akashika njia kuelekea mlangoni. Makaburi yalikuwa nyuma tu ya kanisa.

“Mama, unakwenda wapi? Ibada haijaisha,” Methusela akasema.

“Nakwenda kwa wenyewe. Libérat, beba gitaa. Tutaanza kwa Joséline, kisha kwa mzee wangu, mpaka tuwamalize wote.”

Watu wakaanza kuinuka, benchi baada ya benchi. Methusela alisita kidogo, kisha akainama akaibeba ile betri ya sola kifuani.

“Imejaa?” Libérat akamuuliza huku machozi yakimtiririka.

“Imejaa, mzee. Twende.”