Neno la Kumwandikia Marita

Barua ilifika Mbozi mwezi wa Machi mwaka 1953, barabara ikiwa imeharibiwa na mvua. Ilisomwa baada ya ibada, mbele ya watu wanne tu: Elina, kaka yake Yonasi, mke wa Yonasi aitwaye Enesi, na Mwalimu Efraimu aliyekuwa akiisoma. Ilitoka kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma. Mganga wa kambi aliandika kwamba Marita, mdogo wao, amekunywa vidonge vya dawa mpya miaka miwili, amepimwa mara tatu, na amepona. Hawezi kumwambukiza mtu. Kisha akauliza: ndugu zake wako tayari kumpokea? Wasipojibu, Marita ataendelea kukaa kambini.

Miaka minane ilikuwa imepita tangu Marita aondoke. Siku ile ile aliyochukuliwa, nyumba yake ilichomwa moto, na mkeka wake na vyungu vyake humo humo. Yonasi ndiye aliyeshika kijinga cha moto, kwa sababu wazee walisema lazima awe mtu wa ukoo.

"Mwalimu, waandikie kwamba barua tumeipata," Yonasi alisema.

"Na swali lake?"

"Waandikie kwamba barua tumeipata."

Enesi akamvuta mtoto mgongoni, akamfunika vizuri na kitenge. Elina alirudi nyumbani kwake akapalilia mahindi mpaka jioni, na kila jembe lilipozama alijiuliza kwa nini alikaa kimya. Alijua jibu lile lilivyo. Halikukataa, wala halikukubali. Lilikuwa la mtu anayejificha nyuma ya nyumba mgeni anapobisha hodi.

Elina alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu. Tangu mwaka uliopita alikuwa akienda darasa la watu wazima, kila Alhamisi alasiri, kanisani. Alikwisha kujua kusoma, polepole, kwa kufuatisha kidole. Kuandika kulikuwa bado kunamtoa jasho.

Alhamisi ile Mwalimu Efraimu alifundisha maneno na kinyume chake. Aliandika ubaoni *panda*, wakajibu *shuka*. Akaandika *funga*, wakajibu *fungua*. Akaandika *kataa*.

"Kubali," darasa zima likaitikia.

Elina akainua mkono. "Mwalimu, kukubali na kupokea ni kitu kimoja?"

Efraimu akaweka chaki chini. Hakuwa mtu wa kujibu haraka. "Wewe unaonaje, mama?"

"Naona si kimoja. Mimi naweza kukubali nimekaa. Mvua ikinyesha kahawa ikaharibika, nakubali, nitafanya nini? Lakini kupokea ni lazima uwe na mikono."

Mzee Kefa, aliyekaa mbele, akasema, "Mimi mkwe wangu nilimpokea, lakini kumkubali bado." Watu wakacheka, na Efraimu akacheka pia.

Alipowaacha waende, Elina alibaki. Alifuta ubao bila kuombwa, kisha akauliza kama kuna neno jingine, lenye kupita hayo yote mawili. Efraimu alifikiri. Alikuwa askari wakati wa vita, akaishi na watu wa Pwani miaka mitatu, na Kiswahili chake kilikuwa na akiba.

"Lipo kulaki," alisema. "Kumlaki mtu ni kutoka nyumbani ukakutane naye njiani, kabla hajafika. Humngojei mlangoni."

"Kulaki." Elina hakuwahi kulisikia. "Niandikie, mwalimu, nilione lilivyo."

Barua aliiandika mwenyewe. Ilikuwa barua ya kwanza maishani mwake, na ilimchukua siku tatu. Ilisema hivi: *Marita mdogo wangu. Nimesikia umepona. Nakukubali. Nakupokea. Nitakulaki Mlowo. Ni mimi Elina.*

Efraimu aliposoma alisema kwa upole kwamba neno moja lingetosha.

"Yaache yote, mwalimu," Elina alijibu. "Moja likipotea njiani, jingine litafika."

Kwa Yonasi alikwenda baada ya barua kuondoka. Alimkuta anapogoa mibuni. Akamweleza aliyoyafanya, amesimama, kama mtu aliye mbele ya baraza.

"Umeandika kwa niaba ya nani?" Yonasi aliuliza.

"Kwa niaba yangu."

"Atalala wapi?"

"Kwangu, kaka."

"Na shamba lake?"

Elina akamtazama. Mibuni waliyosimama katikati yake ilikuwa katika shamba la Marita, kila mtu alijua. "Shamba mimi sijalitaja," alisema. Yonasi aligeuka akaendelea kukata matawi, akakata hata yaliyokuwa mazima.

Mwezi wa Juni ilikuja habari ya siku atakayofika Marita. Elina alitoka alfajiri, akafika Mlowo jua limepanda, akasimama kando ya barabara kuu, mbele ya maduka. Malori mawili yalipita. La tatu lilisimama, na mwanamke mwembamba akateremka kwa kushikilia ubao, akapewa kifurushi chake.

Alikuwa Marita. Uso ulikuwa ule ule, umekomaa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimepinda na havikunyooka tena. Alitembea kumwelekea Elina, na hatua nne kabla ya kufika akasimama. Akaweka kifurushi chini, akarudi nyuma kidogo, ili dada yake akichukue bila kumkaribia. Alifanya hivyo bila huzuni, kwa mazoea tu.

Hapo Elina aliogopa. Hakuwa ametarajia hofu. Tangu Machi alikuwa amejiona shujaa, na sasa miguu ilikataa kusogea. Watu waliokuwa dukani wakageuka, wakitazama. Mganga ameandika amepona, alijiambia. Lakini mwili haukuwa umesoma barua ya mganga.

Akapiga hatua moja. Ya pili ikawa nyepesi. Akakiruka kifurushi, akashika mikono yote miwili ya Marita, na ule wenye vidole vilivyopinda akaushika kwa nguvu zaidi.

"Si lazima, dada," Marita alisema kwa sauti ya chini.

"Najua si lazima."

Mikono ya Marita ilikuwa mikavu na ya moto. Ndipo Elina akalia, naye Marita akalia, na mwenye duka mmoja akawaletea kibao wakae.

Njiani Marita alisimulia. Barua ilipofika kambini, yeye hakulijua neno kulaki, wala jirani zake. Wakamwita msaidizi wa mganga, akawaeleza. "Wanawake wa nyumba yetu wakaniomba niisome tena na tena," alisema. "Kuna mmoja, Ferista, ana miaka kumi na tisa pale, hana anayemwandikia. Akaniambia, ukifika kwenu, na mimi niandikie neno hilo."

"Tutamwandikia," Elina alisema. "Wewe utashika kalamu, mimi mkono wangu ni mzito."

Walipofika kwenye kijito kilicho chini ya kijiji walimkuta Yonasi. Alikuwa peke yake, amevaa shati la kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Ilionekana amekaa pale muda mrefu. Hakuna aliyemwambia aje.

Aliinuka. Hakumsalimu kwanza. "Marita, nimepanda kahawa kwenye shamba lako," alisema. "Na nyumba yako niliichoma mimi."

"Nilijua," Marita alijibu. "Moshi niliuona nikiwa njiani." Kisha akauliza, "Hiyo kahawa imezaa?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Basi tuichume, kaka. Mengine tutazungumza tukiwa tunachuma."

Yonasi akachukua kifurushi, akakiweka kichwani, mbele ya kijiji kizima kilichokuwa kikichungulia toka uani, akatangulia.

Sitasema mambo yalinyooka siku ile. Enesi alikaa mbali mpaka karibu na Krismasi. Akimwona Marita anakuja alimbeba mtoto akaingia ndani. Marita hakumlaumu, wala hakumfuata. Lakini mwezi wa Desemba Enesi aliugua homa, na Yonasi alikuwa amekwenda Msangano. Elina alipofika kumjulia hali alimkuta Enesi ameegemea ukuta, amechoka, na Marita amekaa kizingitini na mtoto mapajani, anamlisha uji kwa mkono wa kulia.

"Nilimwita mwenyewe," Enesi alisema, kabla hajaulizwa. "Ingia, wifi, uji upo."