Nyumba Iliyojibu Salamu za Uongo

Kabla ya adhana ya alfajiri, kikombe cha bati kiligonga mdomo wa mtungi barazani. Mwanvua alifumbua macho akaguna.

"Safia," alimwita mke wa mwanawe kupitia pazia. "Amka, mwanangu. Iko mwingine."

"Jamani! Hata sahani za yule wa jana bado."

Mgeni alikuwa mwanamume aliyevaa koti zito, na theluji ilikuwa haijayeyuka mabegani mwake. Alisema kwamba yeye ni mjane wa jenerali na ana sanduku la dhahabu. Mwanvua alimwekea maji ya kunawa miguu, akampa wali na sombe ya majani ya mihogo. Mgeni hakuulizwa anatoka wapi mpaka aliposhiba, maana ndivyo mgeni anavyopokewa Kasongo. Aliposhiba, aliacha habari ya dhahabu, akashona mkeka uliokuwa umechanika pembeni.

Mambo haya yalianza na adabu. Djamali, mwana wa Mwanvua na mume wa Safia, aliletewa barua pepe iliyomwahidi kazi ya biro, ya kukaa ofisini, huko ng'ambo, pamoja na chumba na chakula. Aliuza pikipiki aliyokuwa akibebea abiria hadi Wamaza, akaenda. Kabla ya kuondoka alimfungulia mama yake anwani ya barua pepe kwenye simu ya Safia ili waandikiane. Yeye hakuandika. Waliandika wengine, kila siku, na wote walianza vilevile: Mpendwa mama, natumaini uko mzima.

Mwanvua alilelewa kujibu salamu, hata ya mtu apitaye ng'ambo ya barabara. Alimwambia Safia aandike: Sisi wazima. Na kwenu je, watoto hawajambo? Safia aliwajibu wote. Inaonekana hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa amewajibu hivyo, kwa sababu waliojibiwa walianza kuja wenyewe.

Majirani walilalamika kuhusu foleni ya choo tu.

Baadaye biro ya rezo, yaani ofisi ya mtandao wa simu, ilimtuma enjeniere kutoka Kindu, jina lake Nathanaël, kutafuta mahali zinakotoka barua hizo. Alifika kwa pikipiki, akafungua kompyuta uani. Mashine ilimwambia kwamba barua moja imetoka nchi nyingi kwa wakati mmoja. Aliifunga, akageukia wageni waliokuwa wakila.

"Mama Mwanvua, hapa kwako kazi iko rahisi. Nawauliza tu."

"Uliza, lakini wamalize kwanza. Na wewe nawa mikono."

Walitaja nchi mbalimbali, lakini nyumba waliyoieleza ilikuwa kama moja: ukuta mrefu, nondo madirishani, paspoti zao ndani ya droo ya shefu, mkubwa wao wa kazi. Asiyedanganya watu wa kutosha hapewi chakula, na kengele ya kazi ikilia kule, mgeni hutoweka hapa barazani. Ndiyo maana walikula kama watu waliofunga bila kunuia. Ni mgeni mmoja tu, aliyetoka jirani Kabambare, ambaye hakufungiwa na mtu. Yeye alidanganya kwa kupenda kwake. Aliandika siku moja na yule wa theluji lakini alifika nyuma yake sana, kwa ajili ya barabara, na tope lilimfika kiunoni. Mwanvua alimgombeza kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, ili asikie vizuri, kisha akampa sabuni.

Nathanaël alituma habari zote kwa wakubwa wake. Jibu lilirudi upesi. Shauri hilo ni la nchi zenye nyumba hizo. Nchi hizo zilikwisha kusema kwamba ni la nchi za waliodanganywa. Kasongo hakuna aliyedanganywa, kwa hiyo hakuna shauri.

"Wanasema pia usijibu tena, Mama. Ukinyamaza, hawatakuja."

"Nisijibu salamu?"

"Ndiyo hivyo."

"Hao wakubwa wako walilelewa na nani?"

Safia aliweka chini sufuria kwa kishindo. "Mama, mimi niko pamoja na enjeniere. Mchele umekwisha, unga umekwisha, mikono yangu imechubuka. Dunia nzima inakula kwetu, na mume wangu hatujui kama amekula!"

Jibu lilitoka kwa msichana mgeni aliyekuwa amekaa mlangoni, ambaye alikuwa ameosha sahani zote bila kuambiwa.

"Hii sombe iko na karanga," alisema. "Kule kwetu iko mutu mmoja, kila siku anatusumbua: sombe ya mama yangu iko na karanga. Mpaka tunamuambia anyamaze, njaa inatuuma."

Safia alikaa chini palepale. "Jina lake?"

"La kwao sijui. Kazini anaitwa Dokta Véronique. Anauza dawa ya mgongo. Shefu ndiye anachagua nani wa kuandikiwa, hatuchagui sisi."

Basi hawakuacha kujibu. Safia alikopa mchele kwa mama yake mzazi, Nathanaël akaleta samaki wa mto Lualaba, na wote watatu walimngojea Dokta Véronique. Wakaja kwanza wakubwa wa mabenki, wanasheria na binti za wafalme, wote na njaa. Mwanvua aliwapakulia huku akisonya.

Siku moja Safia alisoma kwa sauti: "Mpendwa mama, natumaini uko mzima. Je, mgongo unakusumbua?"

"Andika," alisema Mwanvua. "Andika unanisumbua sana."

Alfajiri iliyofuata Djamali alikuwa amekaa barazani, amekonda, na kandambili zisizo zake miguuni. Mama yake alimnawisha miguu kwa mikono yake mwenyewe. Alikula, akaongezwa, akaongezwa tena. Safia alimshika shati, hakuliachia hata alipomimina chai. Nathanaël alingoja ashibe, kisha akamuuliza, na Djamali akataja mji, rangi ya geti na jina la shefu. Nathanaël aliyatuma yote hapohapo. Biro ilimshukuru kwa juhudi, ikakumbusha kwamba mama asijibu.

"Wajinga hawa!" alisema Nathanaël, akaitupa simu kwenye mkeka.

Djamali aliinua kichwa, kama walivyofanya wote walipoitwa na kengele ambayo Kasongo haisikiki.

"Usiende," alisema Safia.

"Siyo mimi ninayekwenda, mama watoto. Paspoti iko kule, na mwili uko kulekule pamoja na paspoti."

Safia alilikamata shati kwa mikono miwili, na shati likaanza kuwa jepesi. Mwanvua alimfungia mwanawe wali katika jani la mgomba, akaubana kwapani mwake, ingawa hakujua kama ungefika.

"Dokta," alimwambia haraka, "mgongo bado. Bado kabisa. Mwambie shefu wako kwamba huyu mama ni mjinga, anaamini kila kitu. Unidanganye tena, mwanangu. Kesho, keshokutwa, siku yoyote. Nitajibu. Uje tena."