Plamen Avuka Mto

Pale mtaani kwetu Ruse, mtu akitaka kusafiri alikwenda kwanza kwa Plamen. Ukimwambia unakwenda Lisbon, atakueleza kilima kipi kina kivuli na kipi kitakuvunja magoti. Ukimwambia Krakow, atakuonya kuhusu njiwa wa uwanja mkuu. Alikuwa mwalimu wa udereva, amevuka hamsini, mwenye sauti tulivu kama ya kasisi, sauti ambayo mtu huipata kwa kukaa miaka mingi kando ya watu wanaokanyaga mafuta wakidhani ni breki. Majirani waliamini ameizunguka dunia. Ni mkewe tu, Zornitsa, aliyejua kwamba mwanamume huyo hajawahi kulala nje ya Bulgaria hata usiku mmoja.

Plamen alisafiri kwa kusoma. Majira ya baridi yakiingia, meza ya sebuleni ilipotea chini ya ramani na vitabu vya watalii, na wao wawili wakahamia jikoni kula huku sahani wamezipakata. Kufikia machipuko, safari ilikuwa imepangwa hadi kiti cha kukalia kwenye mgahawa. Kiangazi kikifika, jambo lilizuka. Mwaka mmoja lilikuwa bomba la maji ya moto. Mwaka mwingine mama yake alihitaji mtu wa kumchomea pilipili hoho za kuweka akiba. Na mwaka wa Vienna hakukuzuka kitu chochote; Plamen alisema tu kwamba Vienna ameshaimaliza, kama mtu anayesukuma sahani tupu.

Zornitsa naye alikuwa msomaji, ila wa namna nyingine. Alitengeneza meno ya bandia kwenye maabara karibu na soko, na jioni alijifungia bafuni, akajilaza kwenye hodhi na riwaya ya upelelezi mpaka maji yapoe. Kitabu alikidai jambo moja tu: maiti ipatikane mapema. Mengine alisamehe. Lakini binti yao Kalina alipoolewa na kuhamia Burgas, nyumba ikawa kimya hata Zornitsa akawa anasikia kurasa za mumewe zikifunguliwa sebuleni, naye yuko ndani ya maji na mlango umefungwa. Akatoka, akajifunga taulo, akaenda kusimama mbele ya ile meza.

"Mwaka huu tunakwenda," alimwambia. "Pa kwenda chagua wewe. Usipochagua, naondoka na dada yangu Stanka, nawe utabaki hapa ulale na ramani zako."

Plamen alimjua Stanka. Akachagua Sibiu, huko Romania, mji wa milimani wenye minara na paa zenye matundu kama macho, ambao mtu anaufikia kwa gari lake mwenyewe. Akausoma kama mwanafunzi anayerudia mtihani. Kufikia mwezi wa sita alijua mnara upi una ngazi za mawe na upi wa mbao, na duka la mikate linafungwa siku gani. Kiangazi kikaja, na hakuna kilichoharibika nyumbani. Zornitsa alimwona akilizunguka lile bomba la maji ya moto na kuligonga kwa kidole, kama anayelisihi.

Wakaondoka asubuhi. Wakavuka daraja la Danube, mto ambao Plamen amezaliwa kando yake, wakapita mpaka, na kabla hawajaumaliza mji wa Giurgiu, ulio uso kwa uso na Ruse, moshi mweupe ukafumuka mbele ya kioo. Pampu ya maji ilikuwa imekufa. Wangeweza kupanda ghorofa yoyote pale wakaiona nyumba yao.

Plamen alifungua kitabu cha mwongozo kutafuta Giurgiu. Kilikuwa na maneno mawili: mji wa mpakani. Akakigeuza kitabu, akatazama hata jalada la nyuma. Zornitsa alimwona ameshika kitabu kile kama mtu aliyeagiza chakula akaletewa sahani na uma peke yake.

Mtu mmoja aliyekuwa akipita na toroli la matofali aliwaonyesha gereji jirani, na fundi akatoka mwenyewe kuja kulisukuma gari. Jina lake Viorel, mnene, mcheshi, na hakujua hata neno moja la kwetu, kama wao wasivyojua lugha yake. Ikabidi watumie mikono na vichwa, na hapo ndipo mambo yalipopinda. Maana sisi Wabulgaria mtu akikubali hutikisa kichwa kulia na kushoto, na akikataa hukiinua juu mara moja na kugonga ulimi. Ng'ambo ya mto ni kinyume kabisa. Plamen alilijua hilo, alikuwa amelisoma na kulipigia mstari. Lakini shingo haisomi vitabu.

Viorel alionyesha injini, akaonyesha bisibisi, akauliza kwa nyusi kama alitengeneze. Plamen akatikisa kichwa kwa furaha, kulia na kushoto. Viorel akashangaa, akafunga boneti, akarudi kunywa kahawa yake. Walibaki wamesimama pale juani mpaka mama wa fundi alipotoka kuwaokoa.

Huyo ndiye Mama Veta. Babaye alikuwa kibarua wa Wabulgaria waliolima mboga upande ule zamani, na lugha yetu aliijua kwa njia ya mboga peke yake. Aliwatazama wote wawili kuanzia viatuni, akamwambia Plamen kwamba gari lake limeoza moyoni, lakini mwanawe atalipandia moyo mwingine, nao utachukua siku kadhaa kufika. Kisha akawapa chumba cha uani, kilichonukia mnanaa wa mwituni na sabuni, na bakuli mbili za supu chachu.

Jioni ile walikaa barazani pamoja na Viorel na mkewe, Mioara, mwanamke mwembamba mwenye macho ya haraka. Mama Veta aliuliza Plamen anafanya kazi gani, Zornitsa akamweleza, na ile kauli ya "mwalimu wa udereva" ilipotafsiriwa, familia nzima ikamgeukia Mioara. Viorel akanyanyua chupa kwa mkono mmoja, akamnyooshea Mioara mkono wa pili, akauliza swali refu. Plamen, aliyekuwa ameshatosheka na pombe ya plamu, akadhani anaongezewa. Akainua kichwa juu, mara moja, kwa adabu: hapana, asante. Wote wakashangilia. Mioara akamshika mkono akaubusu.

Asubuhi yake Zornitsa alipofungua dirisha, alimkuta Mioara ameketi kwenye usukani wa gari kuukuu la Viorel, kilemba kichwani, mikono miwili usukanini, kama anayesubiri kupigwa picha. Mama Veta alieleza kwamba amekuwa akifeli mtihani wa udereva tangu mtoto wao alipokuwa akinyonya, na sasa mtoto ana masharubu.

"Mimi niko likizo," Plamen alimnong'oneza mkewe.

"Umekubali mwenyewe, mbele ya mashahidi," Zornitsa akamjibu. Aliburuta kiti cha kamba mpaka chini ya mzabibu, akafungua riwaya yake, na kabla gari halijafika langoni maiti ilikuwa imeshapatikana.

Ikawa hivyo kila siku. Mioara aliendesha, Plamen akakaa kando, hawana hata sentensi moja ya kushirikiana. Alimfundisha klachi kwa kukunja kiganja. Breki alimfundisha kwa kupiga kelele, jambo ambalo Ruse hakuwahi kulifanya. Mioara hakujua kurudi nyuma, kwa hiyo kila alikoingia walilazimika kutokea upande wa pili. Walipita kwenye mashamba ya alizeti, kwenye bandari yenye meli za kutu, na siku moja katikati ya mazishi ya mtu asiyehusika, ambako walipewa mkate wa ngano tamu na mshumaa. Plamen alirudi akiwa na vumbi hadi masikioni. Alisimulia akiwa amesimama, kijiko mkononi, na Zornitsa alitambua kwamba katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikia akisimulia kitu asichokisoma.

Siku moja alasiri Mioara aliwapeleka wote wawili hadi kando ya mto, akashuka kwenda kununua samaki. Walikaa kwenye ukingo wa saruji. Upande wa pili, Ruse yote ilikuwa imejipanga mbele yao, na Plamen akawa anatafuta paa lao.

"Sikujua kwamba tunaonekana," alisema.

Zornitsa akamuuliza lile ambalo hakuwahi kumuuliza. Kwa nini asiende? Miaka yote hiyo, vitabu vyote vile?

Plamen aliokota kokoto, akaigeuza-geuza. "Ukipotea kwenye kitabu, unarudi ukurasa wa nyuma, basi," alisema. "Ukipotea barabarani, mkeo anakutazama."

"Nilikutazama lini mimi?"

"Pleven. Tulipokwenda kwenye harusi ya binamu yako. Nilizunguka kanisa mara tatu."

Zornitsa aliikumbuka Pleven. Alikumbuka pia kwamba alisema neno pale garini, neno moja tu, juu ya walimu wa udereva, na dada Stanka aliyekuwa nyuma alicheka mpaka akapaliwa. Kalina alikuwa bado mtoto wa kubebwa. Alitaka kumwambia Plamen kwamba ule ulikuwa utani, lakini akaona utani wenyewe umekaa kifuani mwa mtu muda mrefu kuliko mkopo wa nyumba. Akamwekea mkono mgongoni. "Pole, mwenzangu," akasema. "Stanka ndiye aliyenitia wazimu." Plamen akasema Stanka huwatia wazimu watu wengi, na wakacheka mpaka Mioara aliporudi na kambare aliyefungwa kwenye gazeti.

Safari yao ya Sibiu wala hawakuitaja, mpaka asubuhi moja Mama Veta aliposimama mbele ya kiti cha Zornitsa, mikono kiunoni, akauliza kama huko Ruse watu huacha nyanya zikaoza shambani kwa makusudi. Zornitsa hakuelewa. Mama Veta akamshika mkono, akampeleka nyuma ya gereji, akafunua turubai. Gari lao lilikuwa chini yake, limeoshwa hadi magurudumu.

"Limeiva tangu juzi," alisema Mama Veta. "Mwanangu alimuuliza mumeo, unalitaka leo? Akakataa. Jana pia akakataa. Tukasema basi, wamependa kukaa."

Zornitsa alimwendea Plamen, aliyekuwa akinyoa, akamuuliza ni mara ngapi alitikisa kichwa. Plamen akajitazama kwenye kioo, povu shavuni, akajaribu kichwa upande huu na upande ule. Kisha akasema kitu ambacho Zornitsa hana hakika nacho mpaka leo: kwamba ile ya kwanza shingo ilimponyoka, lakini ya pili alijua vizuri anachofanya.

Waliondoka baada ya chakula cha mchana. Mama Veta aliwajazia buti la gari vitunguu. Mioara aliwasindikiza kwa gari la mumewe hadi barabara kuu, akisimama vizuri kwenye kila taa nyekundu na hata kwenye moja ya kijani.

Sibiu waliifikia mvua ikinyesha. Mnara wenye ngazi za mbao ulikuwa umefungwa kwa matengenezo, na duka la mikate limegeuka kuwa la simu. Plamen alisimama chini ya mwavuli, Zornitsa akimwangalia kwa pembe ya jicho, kisha akakumbuka yale ya Pleven, akageuza uso akatazama majengo. Plamen alimsimamisha kijana mmoja, akauliza njia ya kwenda uwanja mkuu kwa maneno aliyoyaokota kwa Mioara, ambayo mengi yalihusu kukanyaga klachi. Kijana akaelekeza kwa bidii. Wakafuata, kushoto, kisha kushoto tena, wakatokea nyuma ya shule moja, ambako wanawake wa umri wao walikuwa wakicheza mpira wa wavu ukumbini, madirisha wazi, wakitukanana kwa mapenzi.

"Hapa si uwanja mkuu," alisema Plamen.

"Naona," alisema Zornitsa. "Timu ya bluu wanazidiwa."

Kulikuwa na benchi chini ya upenu. Wakakaa, wakatoa mkate na vitunguu viwili vya Mama Veta, na wakabaki pale hadi seti ya mwisho, wakiwashangilia wale wa bluu, ambao walishindwa.