Jiwe la Ajok Limetoka Juu

"Limetoka juu, baba! Jiwe la Ajok limetoka juu! Unanisikia? Limetoka ju..."

Simu ikakatika. Akai akabaki amesimama kando ya barabara hapo Kanamkemer, Lodwar, anacheka peke yake, mpaka jamaa mmoja wa boda akapunguza mwendo akamuuliza kama beti yake imeingia. Akampigia mzee Wal tena. Mteja hapatikani. Mara ya tatu, ya nne, wapi!

Na angenyamazaje? Karatasi ya maabara ilikuwa imefika asubuhi hiyo hiyo. Miaka minne msichana huyu alikuwa ametembea na kipande cha jiwe, kidogo kama jino. Kilimegeka siku ya kumzika Ajok, rafiki yake wa fomu tatu, mtoto wa kambi ya wakimbizi kule Kakuma, aliyechukuliwa na malaria kwa siku tatu tu. Lile jiwe aliliokota Ajok mwenyewe kwenye mchanga wa lagga ya Tarach, ule mto mkavu, jeusi, linang'aa kama limepakwa mafuta. Basi baba yake, mzee Wal, akalisimamisha kichwani pa kaburi. Jembe likaligonga, kipande kikaruka. "Chukua wewe," mzee akamwambia Akai. "Mlikuwa wawili."

Akai akaenda chuo hapo Lodwar, akasomea mawe. Akamwonyesha mwalimu wake, Wekesa, kile kipande: nje kina ganda jeusi kama kioo, ndani ni kijivu kama majivu. Mwalimu akaleta sumaku. Haikushika.

"Mawe ya angani yana chuma," akasema. "Hili ni la hapa hapa, mama. Pole."

Akai akakubali kwa mdomo tu. Mwaka mzima akasumbua watu mpaka kipande kikapelekwa Nairobi. Na sasa jibu: madini yake ni yale yale ya Vesta, jiwe kubwa kuliko mkoa mzima, linalozunguka jua huko mbali kupita Mirihi. Mwalimu Wekesa alipoisoma karatasi alivua miwani. Halafu akaandika barua. Alitaka jiwe lote, na jina la Akai lingekuwa la kwanza kwenye ripoti.

Kesho yake Akai akashuka Kakuma na barua mkobani, pamoja na kitambaa kipya cheupe cha kufungia jiwe. Akakuta mlango wa mzee Wal umefungwa kwa waya. Jirani, mama Nyariek, alikuwa anaanika nguo.

"Mama, mzee ako wapi?"

Nyariek akamwangalia toka kichwani mpaka kwenye viatu. "Si ni wewe ulimpigia simu jana? Umesoma mpaka ukasahau kuongea?"

"Nimefanya nini?"

"Ulimwambia jiwe ya mtoto imetoka juu ya kaburi. Mzee alikimbia na mguu yake ile mbaya. Mpaka saa hii hajarudi kula."

Limetoka juu. Yeye alikuwa amemaanisha mbinguni, mzee akasikia kaburini.

Akakimbia. Makaburi ya Kakuma ni vichuguu vya mchanga, mamia kwa mamia, na vyote vinafanana. Msalaba wa Ajok ulikuwa umeliwa na mchwa mara mbili, na kila mvua ikija maji husawazisha ardhi kama mtu anayefuta ubao. Bila lile jiwe jeusi, mzee asingejua amwombee mtoto wake wapi. Hata yeye Akai asingejua.

Akamkuta ameketi mchangani, mkono mmoja uko juu ya jiwe. Jiwe lilikuwa pale pale.

"Ejok, baba," Akai akasema polepole.

Zamani salamu hiyo ilikuwa mchezo wa jina la Ajok; watoto wa Kiturkana shuleni walikuwa wakiimba "Ejok, Ajok!" naye Ajok anawarushia mchanga.

"Uliniambia imetoka," Wal akasema. "Nimekuja, iko. Sasa nikajiuliza, huyu msichana si mwongo. Labda haijatoka, lakini kuna mtu anakuja kutoa. Nikakaa."

Akai akapiga magoti. "Nilimaanisha limetoka juu angani, baba. Lilianguka. Halikuzaliwa hapa."

"Angani wapi? Sema vizuri, binti. Leo sema mpaka mwisho."

Akasema. Kule mwanzoni kabisa, akamweleza, kabla dunia yetu haijatulia, Vesta ilipata joto toka ndani yake yenyewe mpaka ikayeyuka. Chuma kikazama katikati kama mashapo chini ya sufuria. Ndiyo maana sumaku haikushika, chuma kilibaki kule ndani. Kilichokuwa chepesi kikapanda, kikamwagika juu kama uji unaofurika, kikapoa kikawa mwamba. "Hili jiwe ni huo uji, baba. Lilikuwa ngozi yake. Halafu ule moto ukazimika mapema, na mpaka leo haujawaka tena."

Mzee akalipapasa jiwe kwa kidole gumba. "Ilizimika ikiwa bado ndogo," akasema.

"Ndiyo, baba."

Upepo ukapita na vumbi lake. Akai akajua kwamba asipoitoa ile barua sasa, atakuwa mwongo kweli. Akaitoa, na kitambaa akakiweka mchangani kati yao.

"Hukukosea kukaa," akasema. "Mtu wa kulitoa ni mimi."

Wal akakitazama kitambaa muda mrefu. "Wataiweka wapi?"

"Kwenye kabati la kioo. Watu watakuja kuliona."

"Na wataiita nani?"

Hapo Akai angeweza kumdanganya. "Mawe kama haya huitwa kwa jina la mahali yalipookotwa. Litaitwa Kakuma."

"Kakuma." Mzee akatikisa kichwa. "Kakuma iko kwa kadi yangu ya ukimbizi. Iko kwa gunia ya mahindi. Hapa chini kuna Ajok."

Hakuondoa mkono wake juu ya jiwe. Akai akachukua simu, akampigia mwalimu wake, mzee akiwa anasikia.

"Mwalimu, jiwe halitoki."

"Mpe siku mbili tatu, atalegea. Akai, unajua bila jiwe lenyewe hatuna ripoti? Hicho kipande kimeisha maabara. Jina lako nalo linapotea hivyo hivyo."

"Najua, mwalimu. Mimi ndiye nimekataa, si yeye."

Akakata, na machozi yakamtoka, kwa sababu alilitaka lile jina, jamani, alilitaka sana. Mzee Wal akachukua kile kitambaa cheupe, akamfuta uso nacho kama mtoto mdogo, kisha akafuta vumbi juu ya jiwe.

"Kalas, yameisha," akasema. "Lakini kitu kimoja sielewi, binti. Kama ilikuwa ngozi ya huyo mama yake, nani aliibandua? Ilitembea namna gani mpaka hapa, peke yake?"

Akai akamshika mkono, akamwinua. Midomo ya mzee ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Kulikuwa na pigo, baba, pigo kubwa ajabu. Twende ukanywe maji kwanza. Kesho asubuhi, jua likiwa bado dogo, tutakaa hapa hapa na nitakwambia yote yaliyobaki."