Miche Sita Nyuma ya Darasa

Asubuhi hiyo, Mama Miche alipoingia kitaluni kwake kumwagilia, alikuta mche mmoja umechanua maua ya njano. Ndoo ikamponyoka.

Mche huo ulikuwa kwenye trei ya vichaka vya asili, vile vinavyopenda kivuli, ubaridi na udongo wenye unyevu. Maua yake huwa meupe. Huu wa njano ulifanana navyo kwa majani tu, na ulikuwa na sumu. Na kutoka trei hiyohiyo, miezi miwili nyuma, alimpa mwalimu wa chekechea miche sita.

Hakufunga hata geti. Njia nzima hadi chekechea alitembea nusu anakimbia.

"Mwalimu, ile miche iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya darasa, ukutani, pale jua lisipofika na bomba linapovuja. Mitano ilikuwa na vitumba vyeupe. Wa sita vyake vilikuwa vya njano, na matawi ya chini yamenyonyolewa majani. Chini yake palikuwa na vikopo na vijiti.

"Nani anapikapika hapa?"

"Yule tunayemwita Chiriku, kwa kuongea kwake. Leo hajaja." Mwalimu akamtazama. "Kuna nini?"

Mama Miche akamwambia. Mwalimu akatoa simu, akampigia mama wa Chiriku. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, vilevile. Mama Miche alijifunga mfuko wa plastiki mkononi, akapiga magoti, akaung'oa mche na mizizi yake yote, huku akiomba Mungu kimoyomoyo.

Mara ya tatu mama wa mtoto akapokea.

"Samahani mwalimu, nilisahau kukuarifu. Kang'olewa jino huyu."

"Hajatapika? Tumbo haliumi?"

"Tumbo? Ametumalizia uji wote! Kwani vipi?"

Mwalimu akaeleza. Mama akamuuliza mwanawe, na sauti ya mtoto ikasikika: "Mimi sili mboga za uongo! Namlisha mwanasesere."

Mama Miche akacheka, kicheko kikageuka kilio.

"Nisamehe, mwalimu."

"Nimekusamehe. Ila na hii mitano uondoke nayo."

"Hii ni salama. Maua yenyewe haya, unayaona."

"Nayaona. Lakini sitapata usingizi."

Mama Miche aliomba jembe, akaichimbua mmoja mmoja pamoja na udongo wake, taratibu, vitumba visidondoke.