Kola ya Wajina

Mtaani kwetu hakuna anayeniita kwa jina langu. Wananiita Fumua. Mimi ni fundi cherehani, na nikiona mshono umepinda hata kwa upana wa uzi mmoja, nachukua kiwembe naufumua, awe ameushona nani, hata kama mteja amesimama mlangoni ananitumbulia macho. Wengine wananisifia hilo. Mdogo wangu, hilohilo ndilo lililomwondoa.

Chumba chetu cha kushonea kina mashine mbili zinazotazamana. Yangu iko dirishani, yake iko ukutani. Kwa miaka kumi na moja mimi nilikata na kuunganisha, yeye akashona kola. Kola ndiyo uso wa shati, na sijapata kuona mikono inayozijua kola kama ile. Sasa siku moja tulikuwa na mashati kumi na mawili ya wanakwaya, natazama, naona kola zote zimekaa upande. Nikachukua kiwembe. Nikazifumua moja baada ya nyingine mbele ya watu, yeye amekaa palepale na mikono mapajani, na mdomo wangu nao haukulala. Hakunijibu hata neno. Mwezi haukuisha, akafunika mashine yake kwa kitambaa, akaenda nchi nyingine kushona kiwandani.

Wiki moja baada ya safari yake niliyapima upya yale mashati. Kola hazikuwa na kosa. Zilizopinda ni shingo, na shingo nilizikata mimi. Sikumwambia mtu. Umepita mwaka na miezi miwili sasa, tunaandikiana salamu fupifupi, hujambo, sijambo, kazi njema. Kila asubuhi naitia mashine yake mafuta, nazungusha gurudumu mara mbili lisije likakaza, kisha naifunika tena.

Paka alikuja kwa kelele. Asubuhi moja fundi viatu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anafungua mlango wake wa chuma, ule wa kukunja, akasikia kilio. Mtoto wa paka, mwembamba, rangi ya vumbi, mguu wa nyuma umebanwa kwenye bawaba. Tulimtoa kwa taabu. Nikamviringisha kwenye kipande cha bitana nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo, binti mmoja mwenye macho ya usingizi, akamshona mishono tisa.

"Mishono yako imelingana," nilimwambia.

"Asante, mama," akasema, asijue kwamba sifa hiyo siitoi ovyo.

Kesho yake mchana nilimkuta paka amesukuma bandeji pembeni na kuikata mishono minne kwa meno, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu kabisa, na bado anang'ata nyama yenyewe. Nikapiga yowe. Fundi viatu alichungulia mlangoni, akamtazama paka, akanitazama mimi.

"Fumua," akasema, "umepata wajina!"

Tangu hapo paka akawa Wajina. Sikucheka, ila jina nililiacha likae.

Daktari alimshona upya, safari hii uso wake hauna utani. "Mama, ngozi hii haina tena pa kushika uzi. Akifumua mara nyingine sishoni, naukata mguu. Mvalishe kola siku kumi. Zangu zimeisha, lakini hata ya kutengeneza nyumbani inafaa."

"Kama ni kola," nikamjibu, "hiyo niachie mimi."

Nilimpima Wajina shingo. Nikachagua pamba nyeupe, nikaweka ndani kile kitambaa kigumu kinachozuia kola isilegee, nikachonga ncha mbili, nikatia kifungo kidogo kabisa nilichokuwa nacho. Nilimfunga, akakaa mezani amependeza kama karani anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Halafu akageuza shingo, bila hata kuikunja kola, akaanza kuutafuna mguu. Fundi viatu alicheka mpaka akaangusha nyundo. Nilimpigia daktari kumlalamikia kwamba kola yake haisaidii kitu, nikamweleza nilivyoishona, mpaka na kifungo. Naye akavunjika mbavu.

"Si kola ya shati, mama! Ni kola ya kumzuia. Pana, isimame kuzunguka kichwa, kama faneli ya kumiminia mafuta, mdomo usifike mguuni."

Sasa mimi ningejuaje? Nimeshona miaka thelathini, kola ni kola.

Nikakata nyingine, pana. Ikaanguka mabegani. Nikaifumua. Nikakata ya pili, ikasimama upande mmoja, upande wa pili ukalala. Nikaifumua. Kila nikiinama na kiwembe changu, chini ya meza Wajina naye ameinama na meno yake. Mimi nafumua, yeye anafumua. Nilipomwinua, mshono mmoja ulikuwa umeshalegea na damu imechora mstari kwenye manyoya. Nilimshika kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mmoja hakuna fundi anayeshona. Hapo ndipo hofu iliponiingia kweli. Huyu paka atakatwa mguu kwa sababu mimi, fundi mzima, sijui kusimamisha kola.

Aliyejua alikuwa mmoja tu. Mdogo wangu aliwahi kumshonea mwimbaji fulani kola iliyopanda nyuma mpaka masikioni, na haikulala onyesho zima. Sikumuuliza aliifanyaje. Mkubwa hamuulizi mdogo, ndivyo nilivyojiona wakati ule. Nilimkabidhi fundi viatu paka, nikapiga moyo konde, nikangoja saa ya chakula kiwandani kwake, nikampigia simu.

"Dada? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nataka kujua ile kola ya mwimbaji uliisimamishaje."

Nyuma yake nilisikia sahani, na wanawake wakicheka kwa lugha nisiyoijua. Wivu ulinichoma. Kwamba anakula na watu ambao mimi siwajui hata sura.

"Kola ya nani?"

"Ya paka."

"Ya nani?"

Nikamweleza yote, mpaka na kifungo. Akacheka. Kile kicheko chake cha kuvuta pumzi ndani kwanza, ndipo kitoke. Nilikuwa nimesimama, nikakaa kwenye kiti chake nikisikie vizuri.

"Usiikate ya mstatili," akasema alipotulia. "Kata duara, utoe robo yake. Kwenye droo yangu kuna ule utepe wa plastiki wa kufungia makatoni, kama hujautupa."

"Sijatupa kitu."

"Uupitishe ndani, vipande vipande, kutoka shingoni kwenda nje, kila kipande ukishonee pembeni. Na dada, mstari ukipinda, uache. Kile kitambaa kigumu ukikifumua kinabaki matundu, hakisimami tena. Unasikia? Usifumue."

"Nimesikia."

Ningeweza kuishia hapo. Fundi viatu alijifanya anatazama barabarani.

"Zile kola za wanakwaya," nikasema. Sauti yangu niliisikia ndogo. "Zilikuwa sawa. Shingo ndizo zilizopinda, na shingo nilikata mimi."

"Najua. Niliona siku ileile."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na kiwembe mkononi, dada."

"Nimekukumbuka, mdogo wangu. Nakaa humu nakitazama kiti chako kama mjinga."

"Na mimi nakukumbuka," akasema taratibu. "Lakini huku hakuna anayenifumua. Nimezoea. Hiyo mashine mpe mtu, isikae bure." Kengele yao ikalia, simu ikakatika.

Nilijikaza kisabuni. Nilitamani kulia, lakini Wajina alikuwa amemponyoka fundi viatu na ameshauvuta mguu wake mdomoni. Nikafungua droo. Utepe ulikuwepo, umeviringishwa na kufungwa kwa uzi mwekundu, fundo lake lilelile la mizunguko mitatu. Nikaifunua mashine yake, kwa mara ya kwanza nikaitumia kushona. Mstari wa kwanza ukanyooka, wa pili, wa tatu. Wa nne ukapinda. Si kidogo, hata mpita njia angeuona. Mkono ukakifuata kiwembe wenyewe, na nilikuwa nimeshakishika kabla sijajijua.

Nikampa fundi viatu. "Kaa nacho siku kumi."

"Siku kumi bila kiwembe?" akashangaa. "Wewe utaugua."

Niliugua kweli. Wajina alizunguka chumba na kola yake iliyopinda, anajigonga kwenye miguu ya meza, anapaka chakula ukingoni, kila akiufuata mguu anakutana na kitambaa. Ananitazama, analia. Nami nilikuwa na gauni lenye mshono wa ubavuni ulioninyima raha, nikalitoa hivyohivyo, mwenyewe akarudi kunishukuru. Nikajikasirikia. Nilikuwa nimefumua vitu vingapi ambavyo mwenyewe alivipenda?

Siku ya kumi daktari alizitoa nyuzi. Kidonda kilikuwa kimefunga. Wajina akakanyaga, akasita, akavuka chumba akichechemea mpaka kwenye mashine ya ukutani, akarukia juu ya kifuniko, akajilaza. Nilimpiga picha na kola yake pembeni, nikaituma bila maneno. Maneno ningeyakosea.

Saa ya chakula simu ikalia. Alikuwa yeye. Tangu aondoke, hakuwahi kunipigia.

"Mstari wa nne umepinda," akasema.

"Umepinda."

"Na hukuufumua."

"Sikuufumua."

Nikazisikia tena zile sahani.

"Mguu bado upo?"

"Upo. Anachechemea kidogo."

"Na mashine yangu umempa nani?"

Nilimtazama Wajina alivyolala juu yake. "Ipo palepale. Kila asubuhi naitia mafuta."

Nilingoja. Wale wanawake walikuwa wanacheka, mmoja akamwita, yeye hakuitika.

"Basi," akasema, "usimpe mtu kwanza."