Riba Asiyoila Bi Kazija

Wengine walikwenda ofisi ya nyumba wamevaa matambara ili waonewe huruma. Bi Kazija alijifunga doti mpya ya kanga ndani ya buibui, akatia wanja, na kitabu chake cha benki ya posta akakishika mkononi kila mtu akione.

Jirani yake Mwatum alikuwa amemshauri pesa azitoe benki, azifukie chini ya mtungi, akaseme hana kitu. Bi Kazija alimjibu kwamba amefua shuka za hospitali miaka ishirini na saba, na zile shilingi mia nane na arubaini za kiinua mgongo hakuziokota jaani hata azifiche.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano. Serikali imejenga nyumba Ng'ambo, kodi nafuu, kwa wale ambao pato lao halizidi shilingi sitini kwa mwezi. Na nyumba Bi Kazija aliitaka kweli. Chumba chake cha Darajani, mwenye nyumba anakitaka mwisho wa mwezi ili amwozeshe mwanawe, na pa kukimbilia ni Fumba tu kwa wifi yake Sichana, ambaye sukari ya mgeni huipima kwa ncha ya kijiko.

Mezani walikaa watatu: Bwana Machano mwenyekiti, Sheikh Mmanga, na karani Silima, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, moja haina wino.

"Shikamoo, Bi Kazija," alisema Silima.

"Marahaba, mwanangu."

Akaulizwa pato lake. Akasema anauza vitumbua, na faida yake kwa mwezi ni shilingi hamsini na tisa. Angeweza kusema arubaini, nani angejua? Hakusema. Silima akakifungua kitabu cha benki, macho yakamtoka. Akazigawa zile mia nane na arubaini kwa miezi kumi na miwili, akatangaza kuwa bibi huyu ana sabini nyingine kila mwezi, basi nyumba hana.

"Ukitaka kugawa, gawa kwa miaka ishirini na saba," alisema Bi Kazija. "Ndiyo niliyoinama. Na shuka uliyozaliwa juu yake wewe niliifua mimi, na haikutakata upesi."

Bwana Machano akainamia makaratasi kuficha kicheko. Aliusoma mwongozo, akaona akiba yenyewe haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni kile inachozaa. Silima akarudi kwenye kalamu yake. Riba ya mwaka shilingi ishirini na moja, kwa mwezi moja na senti sabini na tano. Ukijumlisha na vitumbua, bibi amezidi kwa senti sabini na tano.

Bi Kazija aliiona Fumba, akakiona na kile kijiko. Kisha akamwambia Silima afungue ukurasa wa mwisho.

Pale palikuwa na tamko la kukataa riba lenye muhuri wa posta, na chini yake jina lake kwa herufi za Kiarabu, alivyofundishwa chuo cha Kurani. Tangu siku aliyofungua kitabu ameikataa riba. Hajapata kuipokea hata senti.

"Lakini ungeweza kuichukua," Silima alishikilia. "Inahesabika."

Bi Kazija akamgeukia Sheikh Mmanga, taratibu kabisa.

"Sheikh, mwambie basi wewe. Kwamba nimekosa nyumba kwa kuwa sikula riba."

Sheikh akakohoa. Akaiweka sawa kofia yake ambayo haikuwa imepinda. Akamtazama Machano, na Machano akaandika shilingi hamsini na tisa, akapiga mstari chini yake, akamsogezea Bi Kazija ufunguo.

Hakushukuru kupita kiasi. Alitia saini jina lake zima, Kazija binti Makungu, akatoka kwa mwendo wa bibi harusi.

Kesho yake asubuhi Silima alifika Darajani, akaagiza vitumbua vinne, akatoa pesa. Bi Kazija alimfungia vitano, ule mkono wenye pesa akausukuma.

"Wewe kula bure, mwanangu," alisema. "Nikipokea chako utakwenda kuniandika."